Mwotaji Anapoamka, Ndoto Ikabaki: Kinzano ya Ndoto na Uhalisi katika Tamthilia ya Kinjeketile na Filamu ya Maangamizi kwa Mtazamo wa Bonde la Kilombero

Ikisiri

Makala haya yanachunguza dhamira ya ndoto na uhalisi katika tamthilia ya Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein na katika filamu ya Maangamizi: The Ancient One (2001) iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill. Kazi hizo zinasomwa kwa kurejelea bonde la Kilombero, eneo lililopokea maji ya Ngarambe mwaka 1905 na kulipa gharama yake. Hoja kuu ni kwamba katika kazi hizi ndoto haisimami upande wa uongo ilhali uhalisi ukisimama upande wa kweli. Ndoto inapogawanywa kwa watu wengi huwa sehemu ya uhalisi wao, na haiwezi tena kufutwa na yule aliyeiota kwanza. Kwa hiyo swali la kihakiki si kama ndoto ilikuwa ya kweli, bali ni nani aliyeibeba, na nani aliyebaki nayo baada ya mwotaji kuamka.

1.0 Utangulizi

Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro, karibu na mdomo wa mto Rufiji. Tarehe 30 Agosti mwaka huohuo, siku 26 baada ya kifo chake, wapiganaji wa Kipogoro na Kimbunga walilivamia boma la Kijerumani la Mahenge, kusini mwa mto Kilombero. Walikwenda wakiwa wamepakwa na kunyweshwa maji yaliyoaminiwa kuwa yangezigeuza risasi kuwa maji. Boma lilikuwa na bunduki za bombomu. Wengi walikufa mbele yake.

Tarehe hizi mbili zinajulikana kwa wanahistoria, lakini uhakiki wa fasihi haujazitumia ipasavyo. Umbali wa siku 26 kati yake unaonyesha jambo ambalo ni kiini cha tamthilia ya Hussein: watu wa Mahenge na wa Ifakara waliipigania ndoto ambayo mwotaji wake alikwisha kufa. Hapakuwa na mtu wa kumwendea na kumuuliza kama bado anayaamini maneno yake. Ndoto ilikuwa imekwisha kuwa yao.

Uhakiki wa Kinjeketile kwa sehemu kubwa umejikita katika mhusika mkuu. Umezungumzia mashaka yake, utata wa uongozi wake, na athari za Aristotle na Brecht katika muundo wa mchezo. Mkabala huo una faida zake, lakini unamfanya mwotaji kuwa peke yake mwenye ndoto, na watu wengine kuwa kundi la wafuasi. Makala haya yanageuza mwelekeo wa usomaji. Yanaitazama tamthilia kutoka bondeni, kwa wale walioletewa maji, kisha yanailinganisha na filamu ya Maangamizi ambayo nayo inahoji mpaka uliopo kati ya maono na hali halisi. Ili kuepuka mkanganyiko, jina Kinjikitile linatumika kwa mtu wa historia, na Kinjeketile kwa mhusika wa tamthilia.

2.0 Ndoto, Njozi na Uhalisi: Ufafanuzi wa Istilahi

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayozunguka dhana hii. Ndoto ni neno la jumla. Hutaja yale yanayoonekana usingizini, na katika matumizi ya siku hizi hutaja pia matarajio ya mtu maishani. Njozi na ruya huelekea zaidi upande wa ufunuo. Jinamizi ni ndoto inayomkaba mlalaji. Maono humtokea mtu aliye macho. Msamiati huu wenyewe unaonyesha kwamba wasemaji wa Kiswahili hawakuiona ndoto kuwa kitu kimoja chenye thamani moja. Kuna ndoto ya kupuuzwa, na kuna ndoto inayohitaji kutafutiwa mtu wa kuiagua.

Ndoto ya kupuuzwa imepewa jina maarufu: ndoto za Alinacha. Katika kisa kilichotoka Alfu Lela Ulela, muuza vyombo vya kioo anaketi mbele ya bidhaa yake, anawaza utajiri utakaotokana nayo, anajiona tayari ni bwana mkubwa, anarusha teke kwa majivuno, na vioo vyote vinavunjika. Muundo wa kisa hicho ni wazi. Mwotaji ni mmoja, hasara ni yake, na kuzinduka kwake ndiko kunakomaliza habari. Uhalisi unamrudisha mahali pake na hadhira inacheka.

Muundo wa namna hiyo, ingawa si wa kuchekesha, unaonekana pia katika tamthilia za nje. Katika Maisha ni Ndoto ya Mhispania Calderón, iliyochapishwa mwaka 1636, mwanamfalme Segismundo anatolewa kifungoni akiwa amelevywa, anaamkia katika kasri, kisha anarudishwa mnarani na kuambiwa kwamba yote yalikuwa ndoto. Funzo analolipata linahusu nafsi yake: atende wema hata kama hana hakika kwamba yuko macho. Hapa pia ndoto ina mwenyewe mmoja, na tatizo linatatuliwa ndani ya dhamiri yake.

Uhalisi, kwa upande mwingine, hauna budi kutofautishwa na uhalisia. Uhalisia ni mtindo wa kisanaa unaodai kuyasawiri mambo yalivyo. Uhalisi ni mambo yenyewe: njaa, kiboko, kodi, risasi. Kazi inaweza kuuacha uhalisia kabisa na bado ikausema uhalisi kwa ukali. Hussein alifanya hivyo baadaye katika Mashetani (1971), ambamo mchezo ndani ya mchezo na ndoto za kutisha zinatumika kueleza hali ya matabaka baada ya mapinduzi ya Zanzibar. Hata hivyo, katika Mashetani ndoto inabaki hasa kati ya marafiki wawili, Juma na Kitaru. Katika Kinjeketile, vioo vinavyoweza kuvunjika ni vya watu wote.

3.0 Kinjeketile: Mwotaji Anaamka

Tamthilia inaanza kwa uhalisi wa jikoni. Wanawake wanazungumza kuhusu chakula kilichopungua na waume waliochukuliwa kwenda kufanya kazi katika shamba la pamba la Bwana Kinoo. Ni muhimu kuzingatia mpangilio huu. Kabla hadhira haijasikia lolote kuhusu Hongo au maji, imekwisha kusikia kuhusu njaa. Maono yatakayofuata hayazuki katika utupu. Yanaota mahali palipokwisha kulimwa na dhuluma, na si ajabu kwamba Kiswahili hutumia kitenzi kuota kwa mbegu na kwa mlalaji pia.

Kinjeketile anapopandwa na Hongo, anaingia mtoni na watu wanaamini amezama. Anaporudi, analeta maji na neno. Maji ni ya kinga, na neno ni la umoja: makabila yaliyokuwa yakishukiana yaambiwe kwamba ni wamoja. Kisanaa, Hongo haonekani jukwaani kama mhusika. Hadhira inamwona binadamu tu, mwili wake ukisukumwa na nguvu isiyoonekana. Uamuzi huu unaiweka hadhira mahali palepale walipo wanakijiji. Haina ushahidi wa ziada. Haiwezi kusema kwamba ilimwona mzimu, wala haiwezi kusema kwamba hakuwapo.

Ufa unatokea katika neno lenyewe. Katika hali ya kupandwa, Kinjeketile anatamka kwamba baada ya ushindi watu watakuwa chini ya Seyyid Said. Anapozinduka na kuelezwa alichosema, anatikisika. Ndoto ya uhuru imebeba ndani yake jina la bwana mwingine. Hapo ndipo anapoanza kujiuliza kama maneno yale yalitoka kwa Hongo, au yalitoka mahali pengine akilini mwake. Kwa maneno mengine, mwotaji ameamka.

Kama tamthilia ingefuata muundo wa Alinacha, kuamka huku kungetosha. Kinjeketile angetangaza kosa lake na watu wangerudi mashambani kwao. Hussein anaifunga njia hiyo. Kinjeketile anawaomba watu wasubiri, nao hawataki kusubiri. Wanaona kucheleweshwa kwa vita kuwa ndiko kosa, kwa sababu mateso yao hayasubiri. Kitunda, kiongozi wa jeshi, amekwisha kuwafundisha watu kupigana. Umoja ambao hapo awali haukuwapo sasa upo, na upo kwa sababu ya maji. Mtu anayeyaondoa maji anauondoa pia umoja huo. Hapo kinzano ya ndoto na uhalisi inapoteza sura yake ya kawaida, kwa kuwa umoja uliozaliwa na ndoto ni jambo halisi kama lilivyo shamba la Bwana Kinoo.

Katika onyesho la mwisho, vita vimeshindwa na Kinjeketile yuko kifungoni. Anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Hakatai kwa sababu bado ana hakika na maji, kwani hakika hiyo ilimtoka zamani. Anakataa kwa sababu anajua kukiri kwake kutatumiwa kuwaambia watu wa kila upande, na watoto watakaozaliwa baadaye, kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Anaona kwamba neno likishazaliwa huwa na nguvu kuliko mzazi wake, na mzazi hana tena mamlaka ya kulifuta. Wahakiki wengi wameona hapa ukaidi wa kishujaa au utata wa kimaadili. Kwa mujibu wa makala haya, ni zaidi ya hapo. Kinjeketile anatambua kwamba ndoto si mali yake tena. Kukiri kungekuwa sawa na kuuza kitu cha wengine.

4.0 Bondeni: Ndoto Isiyo na Mwotaji

Hussein alionya katika utangulizi wa tamthilia yake kwamba mhusika wake hapaswi kuchukuliwa kuwa ndiye mtu wa historia. Onyo hilo linaheshimiwa hapa. Lakini tofauti kati ya tamthilia na historia yenyewe ni jambo la kihakiki, hasa kuhusu mfuatano wa matukio. Katika historia, Kinjikitile alinyongwa mwanzoni kabisa mwa vita, kabla ya mapambano makubwa. Katika tamthilia, anabaki hai hadi baada ya kushindwa. Hussein alimhitaji awe hai ili aulizwe swali. Uhai huo wa kisanaa unatupatia onyesho la kifungoni ambalo historia haikulitoa.

Je, ni nani aliyeulizwa swali hilo katika historia? Kwa kuwa mwotaji hakuwapo, waliulizwa wale waliobaki, na bonde la Kilombero ni mojawapo ya mahali walipoulizwa. Maji yalisambazwa kwa mtandao wa siri ambao masimulizi yaliyokusanywa na G.C.K. Gwassa yanautaja kwa jina la Njwiywila. Dawa yenyewe ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama. Wajumbe walioipeleka kutoka nchi hadi nchi waliitwa hongo. Jambo hili lina uzito kwa msomaji wa tamthilia. Jina ambalo jukwaani ni la mzimu usioonekana, katika nchi zilizopelekewa maji lilikuwa jina la binadamu aliyefika mlangoni, akala, akalala, akaondoka. Kwa Mbunga wa Ifakara au Mpogoro wa Mahenge, Hongo hakuwa fumbo la kiroho la mtu mmoja wa Ngarambe. Alikuwa mgeni aliyeleta habari, na habari hiyo ilijadiliwa.

Ilijadiliwa, na haikukubaliwa na wote. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bonde hilo, alisimama upande wa Wajerumani. Uamuzi wake unaonyesha kwamba watu wa Kilombero hawakuwa kundi moja lililolala usingizi mmoja. Waliipima ndoto kwa mizani ya mambo yao halisi: uadui wa zamani, biashara, kodi, kazi za kulazimishwa, na nguvu ya boma. Walioikubali waliikubali kwa sababu, na walioikataa waliikataa kwa sababu. Simulizi la kikoloni lililoyaita Majimaji ushirikina wa washenzi linaufuta mjadala huo. Simulizi la kitaifa lililoyaona Majimaji kuwa hatua ya kwanza ya umoja wa Watanganyika nalo linaufuta, kwa njia ya heshima zaidi. Yote mawili yanawachukulia watu wa bonde kuwa wasikilizaji wa ndoto ya mwingine.

Baada ya tarehe 30 Agosti, boma la Mahenge liliendelea kuzingirwa hadi Septemba 1905, kilipofika kikosi cha Nigmann kutoka Iringa. Kilichofuata si mapambano tu. Wajerumani waliteketeza vijiji, mazao na maghala, na njaa ikafanya kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Makadirio ya serikali ya Kijerumani yalitaja vifo 75,000 katika vita vyote. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti kati ya tarakimu hizo inatokana kwa sehemu kubwa na swali la kama wafu wa njaa wahesabiwe kuwa wafu wa vita.

Hapa usomaji wa kutoka bondeni unafichua pengo ndani ya tamthilia. Mchezo ulianza na wanawake wakizungumza kuhusu chakula. Kadiri vita vinavyokaribia, sauti zao zinapungua na jukwaa linabaki kwa viongozi, askari na mfungwa. Tamthilia inaishia kwenye swali la neno. Historia ya Kilombero iliishia pale tamthilia ilipoanzia, yaani kwenye chungu kitupu. Aliyebaki na ndoto baada ya mwotaji kunyongwa na wapiganaji kuanguka ni mwanamke aliyepaswa kutafuta mizizi porini ili watoto wasife. Hussein aliuona uhalisi huo na kuuweka katika onyesho lake la kwanza. Hakurudi kuuliza ulikuwaje baada ya onyesho la mwisho. Hili ni pungufu la kimuundo, na linastahili kutajwa hata kwa kazi ambayo ubora wake hauna shaka.

5.0 Maangamizi: Ndoto Inayoonekana

Filamu ya Maangamizi inaanzia mahali pengine kabisa, lakini inakutana na swali lilelile. Samehe, mhusika aliyeigizwa na Amandina Lihamba, ni mgonjwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ambaye amekaa kimya kwa miaka mingi. Daktari Asira anakuja kutoka Marekani kufanya kazi hapo na kujaribu kumfikia. Samehe anaamini kwamba yuko chini ya ulinzi wa mhenga wa kike anayeitwa Maangamizi, aliyeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan. Kwa sayansi ya hospitali, mhenga huyo ni dalili ya ugonjwa. Kwa Samehe, ndiye jamaa pekee aliyebaki.

Tofauti ya kwanza kati ya filamu hii na tamthilia ya Hussein ni ya kifani. Jukwaa lilimficha Hongo. Kamera inamwonyesha Maangamizi. Mtazamaji anamwona akiwa na uso, sauti na mwendo, katika mwanga uleule unaomwangazia daktari. Picha ya filamu haina alama ya kisarufi inayosema kwamba hiki ni cha ndotoni na kile ni cha kweli. Kinachoonekana kinaonekana. Kwa hiyo mtazamaji anapewa ushahidi ambao hadhira ya Kinjeketile ilinyimwa, na ni vigumu kwake kuchukua upande wa hospitali. Majina nayo yanafanya kazi yake kwa mtazamaji ajuaye Kiswahili. Mlinzi anaitwa kwa jina la uharibifu, na aliyeumizwa anaitwa kwa jina linaloamrisha msamaha. Kilichoharibiwa hakiwezi kupona kwa kusahauliwa, na kusamehe hakuwezekani bila kwanza kuutazama uharibifu usoni.

Je, mgongano wa hospitali na maono ni mgongano wa kweli katika maisha ya watu? Ifakara inatoa jibu la kuvutia. Mji huo una historia ndefu ya utafiti wa kitabibu. Maabara ya Waswisi ilianzishwa hapo mwaka 1957 kwa juhudi za Rudolf Geigy wa Basel, na ndiyo iliyozaa taasisi ya utafiti wa afya inayojulikana leo kwa jina la mji huo. Utafiti wa kianthropolojia uliofanywa katika eneo hilo miaka ya 1990 na Susanna Hausmann Muela na wenzake ulionyesha jinsi wagonjwa walivyoyaunganisha maelezo mawili yaliyodhaniwa kupingana. Mtu aliyekuwa na dalili za malaria, lakini kipimo cha damu kikakosa kuonyesha vimelea, aliweza kuhitimisha kwamba uchawi umevificha vimelea visionekane kwa hadubini. Hakuikataa hadubini. Aliipa nafasi yake, kisha akaeleza mipaka yake.

Mfano huu hautolewi hapa ili kutetea imani yoyote kuhusu ugonjwa, kwa kuwa malaria huua na dawa huponya. Unatolewa kwa sababu unaonyesha kwamba kinzano kati ya uhalisi wa maabara na uhalisi wa usioonekana haikuwa lazima kwa watu waliokuwa wakiishi na yote mawili. Katika kipengele hiki filamu ya Maangamizi iko karibu na maisha kuliko inavyodhaniwa. Daktari Asira hashindwi na mhenga. Anajifunza kwamba maswali yake ya kitabibu hayawezi kujibiwa bila kuingia katika historia ya jeraha, na kwamba jeraha hilo lina uhusiano na lake mwenyewe.

Hata hivyo, filamu ina udhaifu unaoonekana wazi ikiwekwa mbele ya Kinjeketile. Ndoto ndani yake ni ya uponyaji, na gharama yake inabebwa na wachache. Mtazamaji anayemwona mhenga kwa macho yake halazimiki kuamua lolote. Kamera imekwisha kumwamulia. Hatari ya ndoto, yaani uwezekano kwamba ikaaminiwa na watu maelfu na wakafa nayo, haimo. Tamthilia iliyomficha Hongo inaiachia hadhira mzigo wa kuamua. Filamu iliyomdhihirisha Maangamizi inaipa faraja. Faraja si kosa la kisanaa, lakini faraja pekee haitoshi kueleza kilichotokea Mahenge.

6.0 Mjadala: Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba usomaji huu unalazimisha historia ya mahali pamoja juu ya kazi ya sanaa ambayo mtunzi wake aliitenga na historia. Jibu ni kwamba Hussein alimtenga mhusika wake na Kinjikitile, lakini hakumzuia msomaji kutoka mahali fulani asiilete historia yake katika usomaji. Kinjeketile imesomwa kwa miongo mingi katika shule za Tanzania na Kenya. Mwanafunzi wa Ifakara au wa Mahenge anayeisoma hayuko sawa na mwanafunzi wa Nairobi. Yamkini anasoma habari za babu wa babu yake. Akifundishwa kwamba kushindwa kulisababishwa na ujinga wa kuamini maji, amefundishwa kuwaona wazee wake kama Alinacha. Akifundishwa kwamba yote yalikuwa ushujaa wa umoja, amenyimwa haki ya kuuliza kwa nini Kiwanga alikataa na nani alikufa njaa. Usomaji wa aina ya tatu unahitajika, na tamthilia yenyewe inauruhusu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kusema kwamba ndoto iliyogawanywa huwa sehemu ya uhalisi kunaweza kuonekana kama kuihalalisha ndoto yoyote, hata ile inayowapeleka watu kifoni. Pingamizi hili linapaswa kukubaliwa kwa sehemu. Maji hayakuzuia risasi, na hakuna hoja ya kihakiki inayoweza kulibadili jambo hilo. Lakini yako madai mawili ndani ya ndoto ya Ngarambe, na hayapaswi kuhukumiwa kwa hukumu moja. La kwanza lilihusu risasi, nalo lilikuwa la uongo. La pili lilisema kwamba watu waliotenganishwa wangeweza kusimama pamoja dhidi ya dhuluma, nalo halikuwa la uongo. Lilitendeka kwa sehemu, kwa muda, kwa gharama kubwa. Mkoloni aliyetaka Kinjeketile akiri alitaka madai hayo mawili yafe kwa neno moja. Kukataa kwa Kinjeketile ni kukataa kuyaunganisha. Hapo ndipo ilipo akili ya onyesho la mwisho, na hapo ndipo mhakiki anapopaswa kuwa mwangalifu asifanye kwa kalamu kazi ambayo afisa wa Kijerumani alishindwa kuifanya kwa mateso.

Jiografia inatoa ishara moja ambayo inafaa kutajwa katika muktadha huu. Mto Kilombero, ambao nyaraka za zamani huuita pia Ulanga, huungana na Luwegu na kuwa Rufiji, na ndio unaoupa Rufiji sehemu kubwa zaidi ya maji yake. Ngarambe iko upande wa chini, katika nchi ya Rufiji. Mwaka 1905 maji ya dawa yalipanda kutoka huko kuelekea bondeni, kinyume cha mkondo. Neno lilisafiri kwenda juu, ilhali mto uliendelea kushuka kama kawaida. Hilo ni jambo la ramani, lakini linakumbusha kwamba watu wa bonde hawakuwa pembezoni mwa habari hii. Walikuwa kwenye chanzo cha maji yenyewe.

7.0 Hitimisho

Makala yamejaribu kuonyesha kwamba kinzano ya ndoto na uhalisi katika Kinjeketile na Maangamizi haiwezi kuelezwa kwa kipimo cha ukweli na uongo pekee. Kisa cha Alinacha na tamthilia ya Calderón vinatoa mfano wa ndoto yenye mwenyewe mmoja, ambamo kuamka hukamilisha maana. Hussein anaiacha ndoto imshinde mwotaji kwa kuwa imekuwa mali ya wengi, naye analazimika kuilinda hata baada ya kuacha kuiamini. Mhando na Mulvihill wanaipa ndoto sura na mwili, na kuifanya njia ya kuufikia uhalisi uliozikwa, ingawa wanaipunguzia hatari yake.

Ikisomwa kutoka Ifakara na Mahenge, tamthilia ya Hussein inakuwa nzito zaidi na pia inaonekana haijakamilika. Inakuwa nzito kwa sababu katika bonde hilo ndoto ilipiganiwa baada ya kifo cha mwotaji, na kwa hiyo swali la kifungoni liliangukia watu wasio na jina katika vitabu. Inaonekana haijakamilika kwa sababu haikurudi kwa wanawake wa onyesho la kwanza kuwauliza walikula nini. Watafiti wa fasihi ya Kiswahili na wa filamu za Tanzania wanaweza kuanzia hapo. Masimulizi ya wazee wa Kipogoro, Kimbunga, Kindamba na Kibena kuhusu miaka ya njaa yakisomwa sambamba na tamthilia, si kama ushahidi wa kuisahihisha bali kama sehemu yake ya mwisho isiyoandikwa, yataonyesha kwa usahihi zaidi ndoto hiyo iligharimu nini, na kwa nini baadhi ya waliolipa gharama hiyo hawakukubali kuiita uongo.